Mkono Uliobaki Kwenye Kifundo

Yule kaka mtu aliitwa Marehemu miaka mingi kabla hajastahili jina hilo.

Alikuwa mzima wa afya, mwenye tumbo la kutangulia mlangoni na kicheko cha kuamsha paka aliyelala juu ya bati. Ila alikuwa na mchezo mmoja. Yeye na mdogo wake walikuwa vinyozi, na kila asubuhi kabla ya kufungua saluni walinyoana ndevu. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lao: mteja akiingia awakute vinyozi wote wawili na mashavu laini kama sahani iliyotoka kuoshwa. Leo mmoja anakalia kiti cha dirishani na mwenzake anashika wembe, kesho wanabadilishana. Ikiwa ni zamu ya kaka kunyolewa, wembe ukifika chini ya taya, pale ambapo hata shujaa humeza mate, alimkamata mdogo wake kifundo cha mkono, akageuza macho, akakoroma kidogo na kuangusha kichwa upande wa kushoto. Basi, amekufa.

Mdogo mtu naye alikuwa na jibu lake. Hakusimamisha kazi. Alifuta povu kwenye wembe, akamgonga begani na mpini, akasema, "Amka, Marehemu, kuna foleni." Kisha akaendelea kunyoa, mkono ukiwa bado umeshikwa. Maiti hakufufuka mpaka alipofunikwa taulo la moto usoni. Hapo aliruka kama aliyekalia kaa la moto, na yeyote aliyekuwepo akacheka mpaka akashika mbavu.

Ndiyo maana siku alipokufa kweli, hakuna aliyejua.

Fundi Saa, ambaye kibanda chake kimepakana na saluni, alikuwa amewahi kabla saluni haijafunguliwa, amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake. Aliona yote. Wembe ulifika chini ya taya, mkono ukatoka chini ya shuka la saluni na kukamata kifundo, macho yakageuka, kichwa kikaanguka kushoto.

"Leo umeamka na nguvu," mdogo mtu alisema, maana mkono ulimbana kuliko siku zote. Akafuta povu, akamgonga begani. "Amka, Marehemu, kuna foleni."

Akamaliza shavu la kwanza. Akamaliza la pili. Akapunguza masharubu, na kwa kuwa mteja alikuwa ametulia kuliko kawaida yake, akachukua nafasi hiyo kukata na vinyweleo vya puani, ambavyo kaka mtu hakuwahi kukubali viguswe.

"Leo amezidi," Fundi Saa alisema. "Huyu angechukuliwa kuigiza redioni."

Kisha likaja taulo la moto. Mvuke ulipanda, ukazungukazunguka darini, ukaisha. Chini ya taulo hakuruka mtu.

Hakukuwa na siri katika jambo hilo. Mtaa mzima ulijua, na waliokwenda kumzika walisema hawajawahi kuona maiti aliyenyolewa vizuri namna ile. Hospitali walisema moyo ulisimama ghafla, na hata kama wembe ungewekwa chini palepale, asingeokoka. Watu walimrudia Mdogo maneno hayo mpaka yakachakaa. Mdogo ndilo jina walilomwita tangu ujana, ingawa sasa kichwa chake kilikuwa cheupe kama povu analowapaka wenzake. Masikio ya Mdogo yaliwakubalia. Mkono wake haukukubali.

Mara ya kwanza ulipovimba alikuwa akimnyoa mwalimu mmoja mstaafu kwenye kiti kilekile. Wembe ulipokaribia chini ya taya, alihisi joto kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kama mtu aliyepuliziwa mvuke. Kisha mwasho. Kisha ngozi ikaanza kuinuka. Mwalimu, aliyekuwa akijitazama kwenye kioo, aliona matuta manne yakijichora kwa nje ya kifundo cha kinyozi wake, yaking'aa, marefu, yamepangana kama vidole. Na kwa ndani, pale wauguzi wanapopima mapigo, tuta la tano, fupi na nene. Gumba.

Mwalimu aliondoka na shavu moja limenyolewa na shuka la saluni bado limefungwa shingoni. Wanaosema aliruka kaunta na ngazi ya mlangoni kwa pamoja wanatia chumvi. Ngazi hakuiruka.

Baada ya hapo ikawa desturi. Wembe ukifika chini ya taya ya mtu, mkono unashikwa. Mtaani hakuna aliyetamka neno mzimu. Walisema tu, "Ameshika tena," kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Na jina la Marehemu, lililokuwa likiitwa kutoka upande wa pili wa barabara, halikutajwa tena na mtu yeyote.

Mke wa Mdogo, ambaye majirani walimwita Mama Redio kwa sababu habari ikimwingia haikai, alijaribu kila alichoweza. Alibadilisha sabuni ya kunyolea. Akatupa poda, akatupa manukato, akamnunulia mumewe glavu. Glavu zilibanwa kwa ndani na uvimbe mpaka ikabidi zikatwe kwa mkasi. Wakaenda zahanati, wakapewa dawa ya kupaka na vidonge vya mzio. Vidonge vilimfanya Mdogo asinzie akiwa amesimama, wembe mkononi, na hilo lilipunguza wateja kuliko uvimbe wenyewe.

Mambo yakazidi. Zamani uvimbe ulishuka kabla kiti hakijapoa. Sasa ulikaa hadi jioni, na vidole vyake mwenyewe vikaanza kukakamaa. Siku moja wembe ulimponyoka na kumkwangua Fundi Saa sikioni.

"Si neno," Fundi Saa alisema, leso imelowa damu. "Nilikuwa nalo jingine."

Lakini kesho yake alionekana na ndevu, na kesho kutwa, na Mdogo akaelewa.

"Mkono ukikataa kabisa, saluni tunafunga," Mama Redio alimwambia. "Na wewe huna ufundi mwingine. Ukishika hata kijiko unatetemeka. Utafanya nini, mume wangu? Utakaa barazani uhesabu magari?"

 Kulikuwa na jambo ambalo Mdogo hakuweza kulisema mbele ya redio. Asubuhi, kabla hajafungua mlango, alisimama nyuma ya kiti cha dirishani, akainua wembe hewani, mahali palipokuwa na shingo. Mkono ukaja. Alisimama hapo, ameshikwa, mpaka maji ya taulo yalipochemka. Uliuma, naam. Lakini ndiyo salamu pekee aliyobakiwa nayo, na mtu hafukuzi ndugu yake mlangoni kwa sababu tu anabana mkono.

Ndipo akaja binti wa marehemu.

Huyu alisomea mambo ya ngozi, akaajiriwa kwenye maabara ya mbali ambako kazi yake ilikuwa kuwatia panya hofu na kuangalia ngozi zao zinafanya nini. Mtaa ukamwita Daktari wa Panya, na yeye akaitika, maana ucheshi alirithi. Kingine alichorithi, na kila mtu alikiona, ni viganja: vipana, vidole vinene, gumba fupi.

Aliushika mkono wa baba yake mdogo. Aliugeuza, akaubonyeza, akaunusa, kama anayechagua papai sokoni.

"Nani kakwambia ni sabuni?"

"Mama yako mdogo."

"Na nani kakwambia ni baba?"

Mdogo alitazama dirishani. "Hakuna aliyeniambia."

Binti akanunua maputo. Kila kinyozi wa zamani alijifunza kwa kunyoa puto: unalipaka povu, unalinyoa kwa wembe wa kukunja, likipasuka hujahitimu. Wakaanzia jikoni kwa Mama Redio. Sabuni ileile, wembe uleule. Mdogo alilinyoa puto hadi likawa safi, na kifundo chake kikabaki shwari kabisa.

Kisha wakaenda saluni. Binti akaliegemeza puto la pili kwenye kiti cha dirishani, na badala ya wembe akampa Mdogo kijiko cha bati.

"Nyoa."

"Kwa kijiko?"

"Panya wangu hawaulizi maswali, Baba Mdogo."

Kijiko kilishuka juu ya povu, kikafika pale ambapo puto lingekuwa na taya. Joto. Mwasho. Matuta manne yakainuka mbele ya macho yao, na la tano likajikunja kwa ndani. Gumba lilipokamilika tu, puto likapasuka.

Mama Redio, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakubaki kutazama povu likishuka kwenye kioo. Kabla halijafika chini, habari ilikuwa imeshavuka barabara.

"Puto lilikuwa la zamani," binti alisema, lakini alikaa kwanza ndipo akasema.

Akamkalisha Mdogo kwenye benchi, akamfunika mkono kwa kitambaa baridi.

"Mishipa ya fahamu unaijua?"

"Nyaya za simu. Ukichomwa, zinapeleka habari kichwani."

"Ndivyo tulivyofundishwa wote. Lakini hizo nyaya zinamwaga pia. Ukishtuka, ukiwa na hofu, ubongo unapiga mbiu, na ncha za mishipa huku chini kwenye ngozi zinaachia vijumbe. Protini ndogo mno. Kuna kimoja kinaitwa kwa herufi moja tu."

"Maskini. Hata ubini hana."

"Hana. Sasa jirani na ncha hizo kuna seli za ulinzi, zimekaa na mikoba yao imejaa. Vijumbe vikizigongea, zinafungua mikoba na kumwaga kila kitu. Mishipa ya damu inatanuka, maji yanavuja yanaingia kwenye nyama. Panavimba, panakuwa pa moto, panawasha. Ni kama umeumwa na nyuki."

"Ila nyuki hayupo."

"Hayupo. Mwili una breki yake, homoni ya kutuliza hiyo vurugu. Lakini hofu ikihamia ikakaa kama mpangaji, seli zinaizoea breki, hazisikii tena. Ndiyo maana uvimbe haushuki. Ndiyo maana vidole vinakakamaa. Tukiendelea hivi, vitabaki hivyo."

 Nje mtu alipita akichungulia, akajifanya anasoma bei za kunyoa.

"Kwa hiyo najishika mwenyewe," Mdogo alisema.

"Mwili wako unakulinda na kitu kilichokwisha kupita. Haujui kimepita. Kiti, povu, mkono ulivyoinuliwa, vyote vinauambia ni asubuhi ile."

"Na mbona matuta yana umbo la vidole?"

 Binti akainua kitambaa. Bila kutaka, au labda kwa kutaka, alilaza kiganja chake juu ya ule uvimbe. Vidole vinne vikakaa juu ya matuta manne, gumba juu ya gumba. Hapakubaki hata upenyo.

Akakitoa upesi.

"Nimewavimbisha panya wengi," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyevimba kwa umbo la mkono wa panya mwingine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Baba Mdogo."

Katika maelezo yote, hilo ndilo Mdogo alilolipenda.

Dawa aliyoitaja binti ilikuwa rahisi kuisema. Mwili ulifundishwa kitu asubuhi moja, nao ufundishwe kingine palepale, taratibu, mpaka uamini. Yeye atakaa kwenye kiti. Mdogo atampaka povu na kupitisha mgongo wa wembe, upande usiokata. Wakifika chini ya taya binti atamshika kifundo na kujifanya amekufa. Na safari hii Mdogo ataweka wembe chini.

"Basi?"

"Basi. Ukishikwa, uache."

"Na nikipona?" Mdogo aliuliza. Binti alimtazama, akajua hakuwa akiuliza habari za vidole.

"Ukipona utafanya kazi," alisema polepole. "Mengine siwezi kukuahidi."

Mdogo hakulala vizuri, lakini alipiga moyo konde, akaenda kufungua mlango mapema. Maji ya taulo yalikuwa yakianza kuimba kwenye birika. Binti alijifunga shuka, akaegemea. Mama Redio alisimama mlangoni na beseni, ameagizwa asiseme neno, na jitihada hiyo ilimtoa jasho.

Povu. Mgongo wa wembe ukateremka shavuni, ukakwaruza kidogo, ukaingia chini ya taya.

Mkono ukatoka chini ya shuka.

Walikubaliana kwamba utatoka. Hata hivyo, ulipomkamata, ilibidi Mdogo atazame ni wa nani, kwa sababu ulibana vilevile, mahali palepale. Macho ya binti yakageuka. Akakoroma kidogo. Kichwa kikaanguka kushoto.

Hakuna aliyekuwa amemwambia ni upande gani.

Na mdomo wa Mdogo, bila kumwomba ruhusa, ukasema, "Amka, Marehemu, kuna foleni."

Beseni lilianguka mlangoni. Jina hilo halikuwa limesikika ndani ya saluni ile tangu siku ya maziko, na sasa lilikaa hewani kama mvuke. Mkono wa Mdogo uliendelea kunyoa. Ulikwenda mara moja, ukarudi, ukafuta povu. Alikuwa akiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Shavu la binti lilikuwa limetulia mno.

Aliuacha wembe. Aliuachia tu, ukaangukia vigae na kuzunguka.

"Kaka," alisema. Akamshika binti mabega. "Kaka, nimeacha. Nimeacha, tazama, sina kitu mkononi. Amka."

Binti hakuamka. Walikuwa wamepatana kwamba wembe ukiwekwa tu chini, afumbue macho. Mdogo alimtikisa. Mama Redio akaanza kulia. Ndipo Mdogo alipogeuka, akachukua taulo kwenye maji ya moto kwa mikono mitupu, akalikamua na kumfunika usoni.

Binti akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

Alikaa akihema, povu masikioni. Hakuna aliyecheka.

"Mbona hukuamka?" Mdogo alimuuliza. "Tulipatana."

Binti alijipangusa uso. Alionekana kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioufahamu.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nasubiri taulo."

Wakatazama kifundo. Gumba lilikuwepo, lakini matuta ya nje yalikuwa matatu. Kidole kidogo hakikutokea.

Waliendelea kila asubuhi kwa muda wote wa likizo yake. Katika asubuhi zilizofuata binti alifumbua macho kama walivyopatana, akakataa katakata kuzungumzia ile ya kwanza. Kila wembe ulipowekwa chini, mwili wa Mdogo ulijifunza, bila haraka, kama mwanafunzi mbishi. Kidole cha pete kikafifia. Kikafuata cha kati. Vidole vyake mwenyewe vikalainika, akaweza kufunga vifungo vya shati. Fundi Saa alirudi kwenye kiti na ndevu zake zote, akafumba macho, akasema ameshaandika wosia, na akanyolewa hadi mwisho pasipo mkwaruzo.

"Ameachia?" aliuliza kwenye kioo.

"Anaachia."

Wateja wakarudi, mwalimu mstaafu akiwa wa kwanza, amebeba shuka la saluni limefuliwa na kukunjwa. Mama Redio akatangaza kwamba ni yeye aliyegundua kuwa haikuwa sabuni.

Asubuhi ya kuondoka kwake, binti alikalia kiti kwa mara ya mwisho. Povu, taya, mkono. Mdogo akaweka wembe chini. Kwa nje ya kifundo ngozi ilibaki tambarare kabisa. Kwa ndani, polepole, kama jicho linalofumbuka, lile tuta fupi na nene likainuka.

"Hilo nalo tulimalize," binti alisema. "Nitaongeza siku. Nitapiga simu kazini."

Mdogo alivuta mkono wa shati, akalifunika.

"Hili niachie."

"Baba Mdogo, likibaki linaweza kuwaita wenzake."

"Wakija nitakuita na wewe. Vidole vinafanya kazi, unaviona. Wembe siudondoshi tena. Hilo halinidhuru." Alitafuta maneno, akayapata machache. "Anashika taratibu siku hizi."

Binti alimtazama kwa muda mrefu, kama daktari, kisha kama mtoto wa mwenye mkono. Hakubishana. Alipandisha tena ule mkono wa shati, akaweka vidole viwili juu ya alama, pale mapigo yanapopimwa, akainua macho kwenye saa ya ukutani.

Mdogo aliona midomo yake ikihesabu. Aliona ikisimama. Aliona paji la uso likikunjamana, na midomo ikaanza upya.

"Vipi?"

"Mapigo yako wewe yako sawa," binti alisema kwa sauti ndogo.

Alirudisha macho kwenye kifundo, lakini vidole hakuvitoa. Walikaa hivyo, yeye kitini na baba yake mdogo amesimama, wameshikana, mpaka birika lilipochemka na Fundi Saa akagonga kioo kuuliza kama wamekufa humo ndani, maana huku nje kuna foleni.